Stika za nyota, kimulimuli na saa ya babu: kwa nini vinang'aa gizani?

Mama Pacha

Habari zenu wadau. Naomba kuelimishwa, maana pacha wangu wana miaka minane na kwa maswali wameshanishinda.

Dari ya chumba chao tumebandika zile stika za nyota. Ukizima taa zinang'aa kijani, kisha zinafifia taratibu, na kufikia alfajiri huoni kitu. Juzi wakamkamata kimulimuli wakamtia kwenye chupa, mmoja akaniuliza, "Mama, na huyu tunamchaji kwenye taa?" Sikuwa na jibu. Kuna na vile vijiti vya plastiki ambavyo ukivipinda kitu kinavunjika ndani ndipo vinaanza kuwaka; vile navyo havitaki taa kabisa. Halafu kuna saa ya mkono ya marehemu babu yao. Baba yao anasema alipokuwa mdogo ilikuwa inang'aa usiku kucha hata ikishinda kabatini. Siku hizi haiwaki hata ukiimulika na tochi.

Je, vyote hivi ni kitu kimoja? Na hiyo saa nasikia ina sumu, ni kweli? Mmoja wa watoto anapenda sana kuichezea. Naomba lugha nyepesi, kemia niliachana nayo zamani.


Ngurumo

Ni fosforasi tu hiyo dada. Kila kinachong'aa gizani kina fosforasi ndani. Usijichoshe.


Fundi Saa

Mama Pacha, shikamoo sitegemei, ila huyo bwana hapo juu usimfuate. Stika zako hazina fosforasi hata chembe. Fosforasi nyeupe inang'aa gizani, hilo kweli. Hennig Brand aliipata huko Hamburg mwaka 1669 akichemsha mikojo kwa ndoo na ndoo, akidhani atatoa dhahabu. Lakini ile inang'aa kwa sababu inaungana na oksijeni ya hewani polepole, nayo ni sumu kali na hushika moto yenyewe. Mtu mwenye akili zake hawezi kuibandika juu ya kitanda cha mtoto.

Mimi nimestaafu ufundi wa saa. Kila aliyeniletea saa yenye rangi ya kung'aa nilikuwa najiuliza jambo moja kabla sijagusa skrubu: nishati ya huu mwanga imetoka wapi? Mwanga haujizai wala haujiumbi, lazima kuna kitu kimeulipia. Ukishajua kilicholipa, unajua utadumu muda gani, na unajua kama ni salama. Vitu vyako vinne vimelipiwa kwa njia tatu tofauti.

Stika zimelipiwa na taa ya chumbani. Zile za kisasa zimetengenezwa kwa strontiamu aluminati iliyochanganywa na metali mbili adimu, yuropiamu kidogo na disprosiamu kidogo. Mwanga wa taa ukigonga yuropiamu, elektroni inarushwa juu. Katika vitu vingi elektroni ikirushwa hivyo hurudi chini papo hapo. Humu ndani kuna kasoro za makusudi ambazo elektroni hunasa njiani. Ni kama watu waliokuwa wanarudi nyumbani mvua ikawakamata, kila mmoja akajibanza kwenye kibaraza kilicho karibu. Hawaondoki wote kwa mpigo, anachomoka mmoja, baadaye mwingine. Kinachozichomoa elektroni ni joto la kawaida la chumba, ule mtikisiko mdogo wa atomu ambao haukomi. Kila inayofanikiwa kurudi kwenye yuropiamu inatoa chembe moja ya mwanga wa kijani. Ndiyo maana mwanzoni nyota zinang'aa sana, kisha zinafifia kwa saa nyingi badala ya kuzimika ghafla.

Kama pacha ni wabishi (na naona ni wabishi) wape stika mbili zilizochajiwa sawasawa. Moja itumbukizwe kwenye maji ya moto ndani ya mfuko wa plastiki, nyingine iachwe mezani. Ya moto itang'aa zaidi kwa muda, kisha itakufa mapema, kwa kuwa joto limezichomoa elektroni kwa haraka na akiba ni ile ile. Halafu wajaribu kuchaji kwa taa nyekundu. Wakae hata nusu saa, haitawaka. Chembe moja ya mwanga mwekundu haina nguvu ya kurusha elektroni mpaka pale juu, na kuziongeza idadi hakusaidii. Ya buluu inaweza, ya urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa macho, inaweza zaidi. Hilo jaribio nalipenda kuliko yote kwa sababu wakubwa wengi hawaliamini mpaka walione.

Jambo lenyewe si jipya. Mwanzoni mwa karne ya 17 fundi viatu mmoja wa Bologna, Vincenzo Casciarolo, alichoma jiwe zito aliloliokota mlimani akaona linang'aa gizani baada ya kuanikwa juani. Yeye pia alikuwa anatafuta dhahabu. Hawa watafuta dhahabu wametuachia kila kitu isipokuwa dhahabu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 sisi mafundi tulitegemea zinki salfaidi, ambayo peke yake ilikuwa inachoka mapema mno. Ile ya strontiamu ilitoka Japani, kampuni ya Nemoto, mwaka 1993, na waliitafuta kwa sababu ya saa: walitaka rangi inayodumu bila kutia kitu cha mionzi.

Vijiti vya plastiki vimelipiwa na kemia. Ndani kuna kichupa cha kioo chenye kimiminika kimoja, na nje yake kuna kingine. Ukikipinda kichupa kinavunjika, haidrojeni peroksaidi inakutana na kemikali ya jamii ya oksalati, zinaungana, na nishati inayotoka inapewa rangi iliyomo, ambayo ndiyo inang'aa. Hakuna kuchaji tena. Kikiisha kimeisha. Ukikiweka kwenye friza mwitikio unaenda pole, mwanga unafifia lakini unadumu zaidi.

Sasa saa, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Saa inayong'aa usiku kucha hata ikishinda kabatini haikulipiwa na taa. Imelipiwa na mionzi. Zamani, tangu miaka ya Vita ya Kwanza ya Dunia mpaka miaka ya 1960, walikuwa wanachanganya radiamu na zinki salfaidi. Radiamu inatema chembe, chembe inagonga zinki salfaidi, inatoka cheche ya mwanga, usiku na mchana, uangalie usiangalie. Wasichana waliokuwa wakipaka namba hizo viwandani Marekani walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Wengi waliugua mifupa ya taya, wengine wakafa. Watano wa New Jersey walishtaki mwaka 1927, na mwaka uliofuata kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya fidia. Sikuwahi kukutana na fundi wa rika langu asiyejua habari yao.

Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Saa ya radiamu ikiacha kung'aa, mtu anasema mionzi imekwisha. La. Radiamu inachukua kama miaka 1,600 kupungua nusu. Kilichochoka ni zinki salfaidi, imepigwa mpaka imeharibika. Kwa hiyo saa iliyozimika inaweza kuwa na mionzi karibu ile ile ya siku iliyotoka kiwandani.

Usiogope, ila usifungue. Hatari kubwa ni unga wa rangi iliyokauka, ukivutwa puani au ukiingia mdomoni. Mtoto asiichezee, kioo kisitolewe, asije mtu kukwangua mishale kwa wembe. Niambie, chini kabisa ya uso wa saa, karibu na namba 6, pameandikwa nini?


Mama Pacha

Asante sana mzee wangu, na shikamoo nakupa. Saa nimeiondoa mikononi mwao. Chini pameandikwa kwa maandishi madogo mno: T SWISS T. Nimetumia lenzi kuona.

Taa nyekundu wamejaribu kwa taa ya nyuma ya baiskeli. Wamegoma kulala.


Fundi Saa

Marahaba mwanangu. Hizo T mbili ni habari njema. Ni tritiamu, aina ya haidrojeni yenye mionzi, iliyoshika nafasi ya radiamu. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3. Baada ya miaka 49 hivi imebaki sehemu moja tu kati ya 16, ndiyo maana imelala. Mionzi yake ni dhaifu, haipenyi hata kioo cha saa. Ushauri ni ule ule wa kutoifungua ovyo, ila unaweza kulala usingizi.

Akija fundi kukwambia anaweza kuipaka rangi mpya ing'ae, mkatalie. Wanaokusanya saa za zamani wanataka rangi ya asili hata kama imekufa, na ukishaifuta huwezi kuirudisha.

Kimulimuli sijamgusa, si fani yangu. Mwenye elimu ya viumbe ajitokeze.


Mwanamaabara

Najitokeza. Mzee Fundi ametusafishia njia, nami nitatumia swali lake lile lile.

Kimulimuli hachajiwi na taa, waambie pacha. Amelipiwa na chakula chake. Kwenye tumbo lake kuna kemikali inaitwa lusiferini na kimeng'enya, yaani kichocheo cha kemia ya mwili, kinaitwa lusiferasi. Lusiferini inapewa nguvu na ATP, ambayo ndiyo nishati inayotumiwa na kila seli hai, yako na yangu, kisha inaungana na oksijeni. Molekuli inayozaliwa hapo inazaliwa ikiwa imejaa nishati, na inaitua kwa kutoa mwanga wa manjano-kijani. Kumbe ndani ya mdudu kuna kazi inayofanana na ya kile kijiti cha plastiki, tofauti ni kwamba mdudu anaitengeneza upya kila siku na anaweza kuiwasha na kuizima.

Utasikia sehemu nyingi kwamba mwanga wa kimulimuli haupotezi kitu, kwamba ni karibu asilimia 100. Vipimo vya kisasa vilivyofanywa Japani na kutolewa mwaka 2008 vilipata kama asilimia 41, maana yake kati ya molekuli 100 za lusiferini zinazoungua, 41 hivi ndizo zinazotoa chembe ya mwanga. Bado ni kiwango kikubwa mno kwa kemia ya kung'aa, na mdudu hapati joto la kumchoma. Ila ile asilimia 100 ni sifa za kuongezea.

Kwa sababu mwanga wake unahitaji ATP, lusiferasi imegeuzwa kuwa kifaa cha kazi. Kwenye viwanda vya vyakula mtu anapangusa meza kwa kijiti chenye pamba, anakichovya kwenye mchanganyiko wa lusiferini na lusiferasi, anakitia kwenye mashine. Kikiwaka sana, meza ina mabaki ya chakula au vijidudu, haikuoshwa vizuri. Mimi hiyo mashine naitumia karibu kila siku kazini na bado nafurahia kuona namba inaruka.

Oksijeni ndiyo inayonivutia zaidi katika habari hii yote. Kuna uyoga unaong'aa kijani, zaidi ya spishi 100 zinajulikana, na nyuzi zake zikienea ndani ya gogo bovu, gogo zima linang'aa. Aristotle aliwahi kuutaja mwanga wa namna hiyo. Miaka ya 1660 Robert Boyle alichukua kipande cha mti mbovu unaong'aa, akakiweka chini ya kioo, akaifyonza hewa kwa pampu. Mwanga ukafifia. Akairudisha hewa, mwanga ukarudi. Hapo bado miaka mia na zaidi kabla oksijeni haijagunduliwa! Mtu amegusa ukweli kwa mkono mmoja na hajui ameshika nini. Angefanya vile kwa stika ya Mama Pacha isingejali, ingeendelea kung'aa bila hewa.

Kwa nini uyoga ujisumbue kung'aa? Kwa spishi moja ya Brazili, Neonothopanus gardneri, watafiti walionyesha mwaka 2015 kwamba mwanga unapanda usiku na kushuka mchana kwa saa ya ndani ya uyoga wenyewe. Wakaweka msituni uyoga bandia wenye taa ndogo za kijani na mwingine usio na taa, na wenye taa ukanasa wadudu wengi zaidi. Wadudu hubeba mbegu zake. Kwa uyoga mwingine huenda mwanga ni mabaki tu ya kemia inayoendelea ndani, haumsaidii mtu.

Baharini ndiko kwenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari ya California, walichapisha hesabu ya wanyama waliorekodiwa kwa kamera pwani ya huko, kutoka juu mpaka kina cha karibu mita 4,000. Kama robo tatu yao walikuwa wa jamii zinazotoa mwanga. Ukifikiri vizuri, kung'aa ndiyo kawaida ya dunia hii, maana bahari ndiyo sehemu kubwa ya makazi yake, na sisi wa nchi kavu ndio tunaoona ajabu. Samaki mwenye chambo kichwani anafuga bakteria wanaong'aa. Samaki wengine wana taa tumboni zinazolingana na mwanga hafifu unaotoka juu, ili adui aliye chini asione kivuli chao. Ngisi mdogo wa Hawaii anafanya hivyo pia kwa bakteria aina ya Vibrio fischeri, na hao bakteria wana adabu ya ajabu: wakiwa wachache hawawaki, wanapimana kwa kemikali wanayoitoa, na wakishajaa ndani ya kiungo cha ngisi ndipo wanawaka wote.

Yale maji yanayong'aa buluu mtu akipiga kasia usiku ni vijidudu vya seli moja, Noctiluca na jamaa zake. Mtikiso unawasha kemia yao kwa muda usiofika hata sekunde. Maelezo yanayoungwa mkono sana ni kwamba wanapiga kelele kwa mwanga: mdudu anayewala akimulikwa, samaki mkubwa anamwona anamla.

Na yavuyavu. Osamu Shimomura, kiangazi cha 1961, alikamua yavuyavu kama 10,000 pwani ya magharibi ya Marekani akitafuta kinachowawasha. Hakufanikiwa mpaka alipomwaga mchuzi uliobaki kwenye sinki, sinki likalipuka mwanga wa buluu. Maji ya bahari yalikuwa yamemwagikia humo, na kalsiamu ya maji ya bahari ndiyo swichi. Katika kazi hiyo hiyo akapata protini nyingine ya kijani, ambayo leo wanasayansi wanaifunga kwenye protini wanayotaka kuifuatilia ndani ya seli. Mwaka 2008 alipewa Nobel ya kemia pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien.

Kimulimuli wa kwenye chupa aachiwe, tafadhali. Mwanga wake anautumia kutafuta mwenzi, na msimu wake wa kufanya hivyo ni mfupi.


Mama Pacha

Ameachiwa. Sasa wanauliza kama binadamu naye anang'aa. Nisaidieni, nimechoka.


Mwanamaabara

Anang'aa, kweli kabisa. Kemia ya seli zetu inavujisha mwanga kidogo. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walipiga picha za watu waliokaa gizani kwa kamera za hali ya juu sana, wakaona uso unatoa mwanga kuliko kiwiliwili, na unapanda na kushuka kulingana na saa za siku. Ni dhaifu mara 1,000 kuliko kile jicho linaweza kuona. Wasijifungie kabatini kutazamana.


Ngurumo

Haya, nimekubali fosforasi siyo. Lakini macho ya paka je? Yale hayali chakula cha kung'aa wala hayana betri. Na nge? Nimeona picha nge anawaka kama taa ya dukani.


Fundi Saa

Ngurumo leo umeuliza vizuri.

Paka hatoi mwanga wowote. Nyuma ya jicho lake kuna tabaka linalorudisha mwanga ulioingia, ili upite mara ya pili kwenye seli za kuonea. Zima kila taa, ziba dirisha, humwoni. Ukimwona anakuangalia kwa macho ya kijani, jua kuna taa mahali, na mara nyingi ni tochi uliyoishika mwenyewe.

Nge anahitaji tochi ya urujuanimno. Kemikali zilizo kwenye ngozi yake ngumu zinapokea mwanga usioonekana na kutoa ule wa buluu-kijani papo hapo, bila kunasa popote. Ukizima tochi naye amezimika. Nge aliyetoka kujivua gamba hang'ai mpaka ngozi mpya igangamale. Kwini ya kwenye maji ya toniki inafanya vivyo hivyo, na sabuni nyingi za unga, na nyuzi zilizofichwa ndani ya noti za benki. George Stokes alilieleza jambo hili mwaka 1852: kinachoingia ni mwanga wenye nguvu zaidi, kinachotoka kina nguvu pungufu, tofauti inabaki kama joto. Kwa hiyo hapa aliyelipa ni tochi, na analipa kila sekunde.

Ukitaka kununua tochi hiyo tafuta iliyoandikwa nanomita 365 (ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Zile za 395 zinamwaga zambarau nyingi mpaka zinafunika unachotaka kukiona. Usiielekeze machoni, na pacha wasiishike bila mtu mzima, kwa sababu jicho halioni ule mwanga na halijui kujikunyata. Kabla ya yote mkae gizani dakika 20 au 30 macho yazoee. Wengi wanaosema stika zao ni mbovu hawakusubiri hata mbili.